Shukrani iliyojenga hospitali Karatu

Ibada ya Jumapili ikimalizika katika sharika nyingi za Kilutheri kwenye miteremko ya Meru, waumini hawatawanyiki mara moja. Nje ya kanisa unaanza mnada: mkungu wa ndizi, jogoo, trei ya mayai. Baadhi ya vitu hivyo ni sadaka ya shukrani kutoka kwa familia ambayo mgonjwa wake amepona. Ni desturi njema ya siku nyingi. Ila katika mkoa huu wa Arusha ipo shukrani nyingine iliyochukua miaka sita kuiva, na hadi leo inatibu watu.

Habari yake inaanzia mlima wa jirani. Mwaka 2002, Frank Artress, daktari bingwa wa usingizi katika upasuaji wa moyo kutoka Modesto, California, alikuja kupanda Kilimanjaro pamoja na mkewe, Susan Gustafson, mwanasaikolojia wa elimu. Huko juu mapafu yake yakaanza kujaa maji.

Waongoza watalii wa Arusha na Moshi wanaijua hali hii na wanaiogopa. Oksijeni inapopungua, shinikizo katika mishipa ya damu ya mapafu hupanda, maji yakavuja na kuingia kwenye vifuko vya hewa. Mpandaji huanza na kikohozi kikavu na uchovu usio wa kawaida. Baadaye anahema hata akiwa ameketi, midomo inageuka rangi ya bluu, kifua kinakoroma. Tiba ya kwanza ni kumshusha haraka, na oksijeni ikiwepo apewe. Ndiyo maana wapandaji wengine hutanguliza Meru, wenye mita 4,566, wakilala Miriakamba na Saddle ili mwili uzoee kabla ya kuukabili Kilimanjaro wenye mita 5,895.

Artress alinusurika. Yeye na mkewe wameeleza hadharani kwamba siku ile iliwafanya wayapime upya maisha yao. Walirudi California, wakaacha kazi, wakauza mali zao, wakahamia Tanzania.

Hawakukimbilia kujenga. Walianza na huduma za mkoba katika Bonde la Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe na Wadatoga, wakiwafuata wagonjwa walipo. Mwaka 2008 ndipo walipofungua zahanati Karatu, takriban kilomita 140 kutoka jiji la Arusha kwa njia ya Makuyuni na Mto wa Mbu. Kwa mama mwenye uchungu pingamizi, au mtoto mwenye nimonia, umbali huo peke yake unatosha kuua.

Taasisi waliyoianzisha, FAME (Foundation for African Medicine and Education), imebeba tiba na elimu katika jina lake, na ndivyo ilivyokua. Zahanati ikawa hospitali yenye maabara, wodi, chumba cha upasuaji na huduma za uzazi. Watumishi wake wengi ni Watanzania. Madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo huja kutibu na kufundisha bega kwa bega nao. Mmojawapo, Daktari Michael Rubenstein wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ameendesha hapo kliniki za magonjwa ya mfumo wa fahamu mwaka hadi mwaka. Wagonjwa wa kifafa, ambao katika vijiji vingi hufichwa ndani kwa kudhaniwa wamerogwa, wamepata vidonge na maelezo ya ugonjwa wao.

Wala kugeuza shukrani kuwa huduma si jambo la wageni peke yao. Doris Mollel, Mtanzania aliyezaliwa njiti akiwa na gramu 900, alianzisha taasisi yenye jina lake mwaka 2015, na imekuwa ikipeleka mashine za kusaidia kupumua kwenye wodi za watoto njiti. Alipigania pia likizo ya mama zao, na mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa ili mama aliyejifungua njiti aongezewe muda.

Wema hauozi, walisema wahenga. Historia ya Karatu inaonyesha unavyotunzwa. Artress na Gustafson walitangulia kuwafuata wagonjwa, majengo yakaja baadaye, na kazi wakaikabidhi kwa watu wa hapa watakaobaki nayo.

Familia inayotoka hospitali ya Mount Meru, Selian au Nkoaranga na mgonjwa wake mzima inaweza kufuata njia hiyo hiyo. Iulize wauguzi wa wodi ile ile kinachokosekana: mashuka, nauli ya mama asiye na ndugu mjini, chupa za damu. Ianze na kimoja, iwe na daftari la mapato na matumizi, na ikikua isajiliwe kwa mujibu wa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Jogoo wa mnada anatosha kuwa mtaji wa kwanza.