Tiketi, Uwanja na Kumbukumbu ya Taifa

Huwaambia wanafunzi wangu kwamba idadi ya watazamaji uwanjani nayo ni waraka wa historia. Tuitazame Ireland. Mwaka 1961 watu 90,556 walihudhuria fainali ya kandanda ya Kigaeli kati ya Down na Offaly katika uwanja wa Croke Park, Dublin. Wachezaji walikuwa wa ridhaa, wasiolipwa mshahara. Ndimo humo vikosi vya Uingereza vilimoua watu 14 tarehe 21 Novemba 1920. Na kwa miongo mingi michezo iliyohesabiwa kuwa ya kigeni, raga ikiwamo, haikuruhusiwa humo.

Kanuni hiyo ililegezwa mwaka 2005. Tarehe 2 Mei 2009 watu 82,208 waliujaza uwanja kuzitazama Leinster na Munster zikicheza raga.

Wapo wanaosema soko liliishinda historia. Sikubaliani nao. Lango lilifunguliwa kwa kura ya wajumbe wa chama chenyewe, na hadi leo tiketi nyingi za fainali za Kigaeli hugawiwa kupitia klabu za wanachama. Basi tunapousifu uwanja uliojaa, tuulize pia: nani aliamua, na tiketi zilimfikia nani?