Gitari ya besi yenye kupendeza macho na kusumbua bega: tununue ao tuache?

Hapa Kisangani, mara mingi gitari ya besi hainunuliwi na feza ya mutu mumoja. Ni korale ya kanisa, orkesta ya vijana ao familia nzima ndiyo inakusanya, kidogo kidogo, kwa likelemba ao kwa mchango wa kila Siku ya Yenga. Kisha siku moja muuzaji anatokea na besi ya umbo la ajabu: mwili wenye pembe kali, sawa ndege anayefungua mabawa, rangi inang'aa. Vijana wote wanasema: ni hii! Mupiga besi peke yake ananyamaza, juu ameivaa dakika kumi na bega limeanza kumuuma.

Nani asikilizwe, macho ya kundi ao bega la mupigaji? Makala hii inaeleza juu ya nini besi fulani zinapendeza na kusumbua kwa wakati moja, na namna ya kuzipima mbele ya kutoa feza.

Besi ilifika namna gani

Katika miaka ya 1950, orkesta za Kongo zilitumia kontrabasi, kile chombo kikubwa cha mbao ambacho mupigaji anakisimamisha chini. Augustin Moniania, aliyejulikana kwa jina la Roitelet, alipiga kontrabasi katika OK Jazz, orkesta iliyoanza mwaka wa 1956. Kule Marekani, Leo Fender alikuwa amekwisha kutoa besi yake ya umeme, Precision Bass, mwaka wa 1951. Ilibebeka ku bega, na vipande vya chuma ku shingo, vile tunaita freti, vilisaidia kidole kupata noti ya kweli. Ndiyo maana aliiita "Precision".

Polepole besi ya umeme ikachukua nafasi ya kontrabasi hata kwetu. Leo rumba ya Kongo iko katika orodha ya urisi wa dunia ya UNESCO, tangu Desemba 2021, na hakuna rumba bila besi. Seben ikianza, gitari ya solo inaruka, lakini besi ndiyo inashikilia wachezaji chini. Na seben haina haraka ya kuisha. Ku ndoa ao ku matanga, mupiga besi anaweza kusimama saa mingi. Kwa hiyo bega lake si jambo dogo.

Juu ya nini besi nzuri inaweza kusumbua

Chukua mufano wa Gibson Thunderbird. Ilitoka mwaka wa 1963, na aliyeichora, Ray Dietrich, alikuwa fundi wa kuchora magari. Ukiiangalia unaona kweli umbo la gari la wakati ule. Ilipendwa na wapigaji wakubwa, kama John Entwistle wa kundi la The Who. Lakini upande wake wa juu, ule wa kushikilia mukaba, ni mufupi. Kwa hiyo shingo inavuta chini.

Sababu ni rahisi. Mutu anayebeba mti ku bega, akiuweka mbali na katikati, upande mumoja unashuka. Besi ni vilevile. Shingo ni ndefu, na ku mwisho kuna kichwa na funguo za chuma za kukaza nyuzi. Kwenye Precision, pembe ya juu ya mwili inafika karibu na freti ya 12, ambayo iko katikati kabisa ya urefu wa uzi. Mukaba unashika karibu na katikati, mizani inatulia. Pembe ikiwa fupi, mukono wa kushoto unaanza kufanya kazi mbili: kupiga noti na kubeba shingo. Nyuma ya saa moja, noti zinaanza kuchelewa.

Besi zenye umbo la V ziko na shida ingine: ukikaa ku kiti zinateleza ku paja. Mupigaji analazimika kuweka paja moja katikati ya mabawa mawili. Kama korale yenu inafanya mazoezi mukikaa, jambo hili munapaswa kulijua mapema.

Tusiseme lakini kwamba kila umbo la ajabu ni baya. Höfner 500/1 ya Ujerumani, yenye umbo la violoni, ni nyepesi sana. Paul McCartney alinunua yake Hamburg mwaka wa 1961. Anapiga kwa mukono wa kushoto, na umbo lile, lenye pande mbili sawasawa, halikuonekana vibaya lilipogeuzwa. Kwake, uzuri na faida vilienda pamoja.

Majaribio saba mbele ya kutoa feza

Omba muuzaji akupe nusu saa. Akikataa, ni jibu tayari.

1. Vaa, simama, achilia. Vaa besi na mukaba, simama wima, achilia mikono yote miwili. Kichwa kikibaki pale, muzuri. Kikianguka mpaka karibu na magoti, ujue utakibeba wewe mwenyewe siku zote.

2. Kaa ku kiti. Piga dakika 20 bila kupumzika, mwendo uleule wa seben. Sikiliza kiwiko, kifundo cha mukono, mugongo. Maumivu ya dakika 20 yatakuwa makubwa ku saa ya tatu.

3. Pima urefu. Besi ya kawaida iko na nyuzi za inchi 34, maana yake karibu santimeta 86. Besi fupi iko na inchi 30, karibu santimeta 76. Kwa ile ndefu, freti ya kwanza iko karibu santimeta 4,8 kutoka ku mwanzo wa uzi. Kwa ile fupi ni karibu 4,3. Nusu santimeta inaonekana kitu kidogo, lakini kijana wa miaka 14 mwenye vidole vifupi ataisikia ku kila noti.

4. Angalia shingo. Finya uzi munene ku freti ya kwanza na ku freti ya mwisho, wakati moja. Angalia katikati: kati ya uzi na freti kunapaswa kuwa nafasi ndogo sana, sawa unene wa kadi nyembamba. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda. Fundi anaweza kuinyoosha na chuma cha ndani, kama chuma kile kingali kinazunguka. Lakini shingo iliyojisokota, upande mumoja juu, upande mwingine chini, hiyo uiache. Hapa kwetu unyevu ni mwingi karibu mwaka wote, na mbao zinasikia.

5. Angalia nyuma ya kichwa. Kwenye Thunderbird na besi zinazofanana nayo, kichwa kimeinama nyuma. Gitari ikianguka, inavunjika pale pale, ku mwanzo wa shingo. Pitisha ukucha: ukisikia mustari, ao ukiona rangi imepakwa upya pale tu, imekwisha kuvunjika. Ikiwa imegundishwa vizuri inaweza kudumu, lakini bei inapaswa kushuka sana.

6. Sikia umeme. Zungusha vifungo vyote polepole. Makelele ya kukwaruza kidogo ni vumbi, inasafishika. Sauti ikikatika, kuna waya umeachia. Uliza pia kama inatumia betri ya volti 9. Mingi kati ya zile za betri zinanyamaza kabisa betri ikiisha, hata katikati ya wimbo.

7. Uliza nyuzi. Hili wengi wanalisahau. Ned Steinberger, yapata mwaka wa 1980, alitoa besi isiyo na kichwa. Inapendeza, na shida ya kichwa kuanguka imeisha. Lakini mingi kati yake inaomba nyuzi za pekee, zenye kifundo pande zote mbili. Kama nyuzi za kawaida tunazitafuta mpaka tunachoka, zile utazitoa wapi? Besi bila nyuzi ni pambo la nyumba.

Jina ku kichwa halitoshi

Jina la "Gibson" linaweza kubandikwa ku mbao yoyote. Kampuni ya Gibson iko pia na jina la Epiphone, ambalo linatengeneza Thunderbird za bei ya chini, kwa halali kabisa. Nje ya hapo kuna kopi. Kopi inaweza kupita majaribio yote saba na kukufaa miaka mingi. Kosa ni kulipa kopi kwa bei ya asili. Kama hauna njia ya kuhakikisha, ipime sawa vile haina jina, kisha toa bei ya kile ulichosikia ku mikono na ku masikio.

Hesabu ya kweli

Bei ya muuzaji siyo bei yote. Tuchukue mufano wa kuhesabu tu, si bei ya soko: muuzaji anaomba dola 250. Ongeza mukaba mupana dola 15, mufuko wa kubebea 25, nyuzi mpya 25, fundi 20. Umefika 335, dola 85 juu ya bei mulizoijadilia ku mukutano.

Mufuko usiuache. Besi yenye pembe ndefu haiingii katika mufuko wa kawaida. Na sisi tunajua namna vyombo vinatembea hapa: nyuma ya toleka, ku pikipiki, ao ndani ya pirogi kuvuka kwenda Lubunga. Pembe inayotoka nje ya mufuko itagonga ukuta wa kwanza.

Fikiri pia ampli. Uzi munene wa besi unatikisika mara 41 kwa sekunde, nusu ya uzi munene wa gitari ya kawaida. Ampli ndogo ya gitari inaweza kupasuka spika ikilazimishwa kutoa sauti ile kwa nguvu. Kama feza ni kidogo, besi ya kawaida na ampli inayofaa zitasaidia korale kuliko besi ya kifalme na ampli inayolia.

Shida gani zinatengenezeka

Kichwa kinachoanguka kidogo kinatengenezeka: mukaba mupana wenye ngozi ya kukwaruza upande wa ndani hauteleze ku bega, fundi anaweza pia kuhamisha kifungo cha mukaba ao kuweka funguo nyepesi. Makelele ya vifungo yanatengenezeka. Nyuzi zilizo juu sana zinashushwa.

Visivyotengenezeka ni hivi: shingo iliyojisokota, urefu usiolingana na mikono ya mupigaji, na umbo linalokataa kukaa ku paja wakati ninyi munafanya mazoezi mukikaa. Hapo mukaba hautasaidia kitu.

Basi, tununue?

Kama ndiyo besi moja tu ya kundi, na wapigaji wawili watatu wanapokezana, chukueni ile inayotulia ku bega la kila mumoja, hata kama ni ya kawaida kwa macho. Besi ya kundi inapaswa kumukubali hata mutoto anayejifunza.

Kama mupigaji ni mumoja, anasimama siku zote, na amepita jaribio la kwanza na la pili bila maumivu, basi umbo la ajabu si kosa. Uzuri nao uko na kazi yake: kijana anayependa chombo chake anakichukua kila mangaribi, hata siku umeme umekatika. Na anayekichukua kila siku ndiye anayeendelea.

Na kama tayari muko na besi nzuri ya mazoezi, ile yenye mabawa inaweza kuwa ya pili, ya siku za sikukuu.

Kwa vyovyote, siku ya kwenda kuangalia, musitume mwenye kushika feza peke yake. Mupiga besi aende, na mukaba wake mwenyewe ku mukono. Kundi litaangalia besi ile toka mbali. Yeye ndiye ataibeba mpaka wimbo wa mwisho.