Volvo Kuukuu Iliyoshinda Safari

Mwaka 1965 mashindano ya magari ya East African Safari yalichukuliwa na gari ambalo waliolitengeneza walikuwa wameshalikatia tamaa. Kampuni ya Volvo ilileta timu yake kutoka Sweden mwaka 1964, ikaambulia patupu, na moja ya magari yake, aina ya PV544, likabaki Kenya. Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, akalinunua likiwa limekwisha kutumika, akalifungua na kulifunga upya pamoja na ndugu zake. Yeye na mdogo wake Jaswant walifika wa kwanza, wakiwaacha waliowafuata kwa saa 1 na dakika 40. Ushindi huo husimuliwa kama habari ya ujasiri wa dereva aliyeitwa Simba, na ujasiri ulikuwepo. Lakini mimi nauona kwanza kama ushindi wa uchaguzi wa gari. Kwa mshindani mwenye mfuko mwembamba, tena katika njia mbaya, gari kuukuu mara nyingi ndilo chaguo bora kabisa, kwa sababu udhaifu wake umekwisha kujitokeza na unaweza kutibiwa kabla ya siku ya mashindano. Gari jipya huuficha udhaifu wake mpaka usiku wa pili, mahali ambapo hakuna gereji.

Mizizi ya jambo hili iko katika kanuni za mwaka 1953, Safari ilipoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Eric Cecil, mmoja wa waasisi, hakuvutiwa na mashindano ya kuzunguka uwanja; alitaka njia ndefu ya nchi kavu. Waandaaji waliyagawa magari katika makundi kufuata bei yake dukani, badala ya ukubwa wa injini, na yalitakiwa yawe magari ya kawaida kama anayouziwa mteja yeyote. Kanuni hiyo inastahili sifa kuliko inavyopewa. Ukiyapanga magari kwa ukubwa wa injini, unauliza fundi gani wa kiwandani ametoa nguvu nyingi zaidi kutoka kwenye silinda zake. Ukiyapanga kwa bei, unauliza swali ambalo kila mnunuzi hujiuliza akiwa na fedha mkononi: kwa kiasi hiki, gari lipi litanifikisha? Mkulima, mwenye gereji na muuza magari wakaingia katika shindano moja, na kila mmoja akalazimika kulijibu swali hilo hadharani, kwa maelfu ya kilomita za vumbi na matope.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa Volkswagen Beetle. Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda nayo mwaka 1954, Gus Hofmann na Arthur Burton mwaka 1957, Tommy Fjastad na Bernhard Schmider mwaka 1962. Kwa nguvu ya injini gari hili lilipitwa na wapinzani wake wengi. Hata hivyo injini ilikaa nyuma, ikayakandamiza magurudumu yale yale yanayosukuma gari, kwa hiyo kwenye udongo mweusi wa mvua za masika lilitambaa pale ambapo wengine walizama. Ilipozwa kwa hewa. Hapakuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe wala maji ya kuchemka mlimani. Kisha ikaja zamu ya Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza tena 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na katikati yake Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo akiwa na Chris Rothwell. Kilichoifanya 404 iaminike ni kwamba ilikuwa kila mahali. Kila dereva wa teksi aliyevunja springi na kila mfanyabiashara aliyepeleka giaboksi kwa fundi alikuwa, bila kukusudia, anampimia gari mshindani. Fundi makini alijua bolti ipi hulegea kwanza, na alijua kwa kuwa alishaikaza mara nyingi katika magari ya wateja. Maarifa ya namna hiyo hayanunuliki pamoja na gari jipya.

Turudi kwa Volvo. Muundo wake ulikuwa wa kizamani hata siku hiyo: PV444, mzazi wake, ilionyeshwa Stockholm mwaka 1944, na PV544 yenyewe ilikoma kutengenezwa mwaka ule ule wa 1965. Mtu anaweza kupinga kwamba halikuwa gari rahisi kweli, maana kiwanda kilikuwa kimeshaliandaa kwa fedha zake. Pingamizi hilo lina uzito, ila linanisaidia mimi zaidi. Fedha za kiwanda zililipia jaribio la 1964, na jaribio hilo liliwaonyesha wenye macho ni wapi gari linashindwa. Timu ya kiwanda ilirudi Ulaya. Fundi wa Kenya alibaki na gari lenyewe, akawa na muda wa kulichambua kipande kwa kipande. Pingamizi lingine ni kwamba Joginder alianza akiwa wa kwanza barabarani, akakuta matope hayajavurugwa na wengine. Hilo lilimfaa, sikatai. Lakini nafasi ya kuanzia haimpi mtu saa nzima na zaidi, wala haizuii ekseli kukatika.

Pingamizi zito zaidi ni Mercedes. Bill Fritschy na Jack Ellis walishinda na Mercedes 219 mwaka 1959 na 1960, na John Manussis na wenzake wakashinda na 220SE mwaka 1961. Hayo hayakuwa magari ya mtu wa kipato kidogo. Kwa hiyo sidai kwamba bei ndogo huleta ushindi. Ninachodai ni kwamba kinachofikisha gari ni uimara unaojulikana, na mwenye fedha chache anaweza kuupata kwa gari lililotumika bila kulipia upya wake. Tena tuwe wakweli kuhusu neno rahisi. Katika Afrika Mashariki ya 1953 gari la bei ya chini kabisa lilikuwa rahisi kwa mlowezi na kwa mwenye duka. Mwafrika wa kawaida hakuwa na njia ya kulifikia. Kanuni ya bei ilifungua mlango kwa watu wa kati na ikawaacha nje wenyeji walio wengi, nao ndio walioyasukuma magari hayo yaliponasa.

Hali ilibadilika miaka ya 1970. Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliposhinda na Ford Escort mwaka 1972, walikuwa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo, na tangu hapo viwanda vikaja vimejiandaa: vikajaribu njia mapema, vikaleta mafundi wengi na spea tele. Mtu atasema kwamba hapo hoja ya gari kuukuu ilikufa. Kwa nafasi ya kwanza, karibu ikafa. Lakini hata fedha hizo hazikutosha kila mara: Lancia Stratos, gari lililotawala rali za Ulaya, halikuwahi kushinda Safari. Joginder mwenyewe alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer, gari dogo la familia kwa asili yake. Mwaka 1993 Subaru ilileta Vivio tatu, gari lenye injini ya sentimita za ujazo zipatazo 660 tu. Moja aliliendesha Colin McRae, dereva mwenye kasi kuliko wote katika timu hiyo, akalivunja mapema. Lililomaliza lilikuwa la Mkenya Patrick Njiru, katika nafasi ya 12.