Hospitali ya Ndera na Uganga Uliotoka Nje ya Ukuta

Mwaka 1968 serikali ya Rwanda, ambayo uhuru wake ulikuwa bado haujatimiza muongo, iliafikiana na mabruda wa Frères de la Charité, shirika lililoasisiwa na padri Petrus Jozef Triest mjini Gent, Ubelgiji, mwaka 1807, kwamba ijengwe Ndera, pembeni ya Kigali, hospitali ya maradhi ya akili na kifafa. Na ilipoanza kupokea wagonjwa mwaka 1972, mtu aliyerukwa na akili akapata mahali pa kutazamwa kwa ilimu na huruma. Kheri hiyo ilikuwa na dhiki yake, kwani jamaa wa Cyangugu au Ruhengeri iliwapasa kumsafirisha mgonjwa masafa marefu milimani, na akirejea kwao na nafuu, dawa zikamwishia, hapakuwa na jirani mwenye ujuzi wa kumwangalia.

Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokuwa wakiwindwa waliikimbilia hospitali hiyo kama hifadhi ya mwisho. Askari wa Ubelgiji wakaja, wakawachukua Wazungu, wakaondoka. Waliobaki wakavamiwa na kuuawa.

Nchi iliyonusurika ilikuwa na majonzi ambayo hospitali moja, hata ingalikuwa kubwa mara kumi, isingaliweza kuyabeba, na ndipo serikali ilipoweka siasa ya afya ya akili mwaka 1995, na mwaka huohuo ikaanza kuweka vijijini abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya wanaochaguliwa na majirani zao wenyewe. Wauguzi wa maradhi ya akili wakafundishwa na kupelekwa hospitali za wilaya. Mituweli, bima ya afya ya wanyonge, ikajaribiwa mwaka 1999 Byumba, Kabgayi na Kabutare kabla ya kuenea nchi nzima. Mafunzo ya madaktari wa familia, yaliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Taifa mwaka 2008, hayakupata mizizi kama hiyo, nami nayasikitikia, maana tabibu anayeijua nyumba nzima humtambua mgonjwa kabla hajafikia hali ya kupelekwa Ndera.

Mzigo mkubwa, basi, umewaangukia washauri wa vijijini, wasio na mshahara wa mwezi, ambao malipo ya kazi yao hupitia vyama vyao vya ushirika. Serikali iliyowaamini kwa roho za raia inawiwa nao ijara iliyo thabiti, na ijara hiyo yastahili kuandikwa katika bajeti yake yenyewe, isingoje sadaka ya wafadhili.