Dawa ya kondoo ilivyoingia kwenye saratani

Vijana wenzangu, juzi kwenye foleni ya maji mzee mmoja aliniambia, "Nyie wa hospitali mkisema majaribio, mnataka kutufanya panya." Siku ile sikumjibu vizuri. Leo najaribu kwa historia.

Miaka ya 1980 huko Marekani, mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, akarudi nyumbani kusubiri. Kama ugonjwa ulishafika kwenye tezi, wengi uliwarudia. Madaktari walikuwa na fluorourasili, iliyotengenezwa 1957, na levamisoli, ambayo ni dawa ya minyoo. Ndiyo, minyoo! Wafugaji walikuwa wanawapa kondoo.

Daktari Charles Moertel wa Mayo Clinic na wenzake waliandikisha wagonjwa 1,296 waliokubali. Wale wenye ugonjwa kwenye tezi waligawanywa kwa kura makundi matatu: la kwanza liliangaliwa tu bila dawa, la pili levamisoli peke yake, la tatu dawa zote mbili. Daktari hakuruhusiwa kumpendelea mtu wake. Matokeo yalitoka 1990. Levamisoli peke yake, hakuna kitu. Zote mbili pamoja zilipunguza hatari ya kifo kwa asilimia 33, na matibabu yakabadilika.

Halafu ikaja aibu. Kidonge cha binadamu kiliuzwa karibu mara mia ya bei ya kile cha kondoo. Mwaka 1992 Moertel mwenyewe alilalamika hadharani mbele ya madaktari wenzake. Hapo mzee wetu ana haki ya kushuku watu.

Jaribio lenyewe pia lilikuwa na tobo: halikuwa na kundi la fluorourasili peke yake. Sasa utajuaje ni dawa ipi imefanya kazi? Ilibidi majaribio mengine yafuate, yakaonyesha kwamba fluorourasili ikichanganywa na lukovorini inatosha, na levamisoli ikaachwa. Yaani kosa la jaribio lilirekebishwa na jaribio.

Mimi ninaowafikiria zaidi ni wale watu 315 wa kundi la kwanza. Waliambiwa wazi kwamba kura inaweza kuwaangukia bila dawa, wakakubali. Bila wao, ile asilimia 33 tungeipima na nini? Mzee nikimkuta tena kwenye foleni, nitaanza na hao.