Algiers: mji wa pwani ulikotoka umisionari wetu

Waamini wengi wa kanda ya Maziwa Makuu hulisikia jina la Algiers mara chache, na mara nyingi ni katika habari za michezo au za siasa. Hata hivyo, babu na bibi zetu waliobatizwa na Mapadre Weupe walipokea imani kwa mikono ya watu waliotumwa kutoka katika mji huo wa pwani ya Bahari ya Mediterania. Katika makala hii tunapenda kuueleza mji wenyewe, Kanisa linaloishi humo, na mambo anayopaswa kuyajua Mkristo anayekwenda kuutembelea, kusoma au kufanya kazi huko.

Mji na historia yake

Algiers ni mji mkuu wa Algeria. Jina lake la Kiarabu, Al-Jazair, maana yake ni "visiwa", kwa sababu ya visiwa vidogo vilivyokuwa mbele ya bandari yake ya kale. Zama za Warumi uliitwa Icosium. Katika karne ya 10 mtawala Buluggin ibn Ziri aliujenga upya, na tangu karne ya 16 ukawa chini ya himaya ya Waturuki hadi Wafaransa walipouteka Julai 1830.

Mji wa kale huitwa Kasbah. Nyumba zake nyeupe zimepandana juu ya mlima unaotazama bahari, na vichochoro vyake vya ngazi ni vyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kupita. UNESCO iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1992. Chini yake upo Msikiti Mkuu uliojengwa mwaka 1097, na ng'ambo ya ghuba unaonekana msikiti mpya wa Djamaa el Djazair, wenye mnara wa mita 265 hivi.

Hapo Kasbah upo pia msikiti wa Ketchaoua, ambao historia yake haina budi kusemwa wazi. Mwaka 1832 watawala wa Kifaransa waliuchukua kwa nguvu na kuufanya kanisa, kisha ukawa kanisa kuu la jimbo. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 ulirudishwa kuwa msikiti. Kwa wenyeji wengi, basi, msalaba uliingia pamoja na bunduki. Asiyeijua habari hiyo hawezi kuelewa kwa nini Kanisa la huko leo hutembea kwa unyenyekevu.

Mahali ilipoanzia safari

Mwaka 1867 Charles Lavigerie alifika kuwa Askofu Mkuu wa Algiers. Alikuta kipindupindu, na baada yake ikaja njaa kali iliyoacha watoto wengi yatima. Aliwakusanya na kuwalea, jambo lililomletea mgogoro na gavana wa Kifaransa, aliyehofia kwamba wenyeji wangeona dini yao inaingiliwa. Mwaka 1868 alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, na mwaka uliofuata Shirika la Masista Wamisionari.

Aliwaagiza wamisionari wake waseme lugha ya watu, wale chakula chao na wavae mavazi yao. Kanzu nyeupe na joho la burnusi walivyovaa Mapadre Weupe, ambavyo wazee wetu walivizoea parokiani, ni mavazi ya wenyeji wa Algeria. Rozari waliyoivaa shingoni ndiyo iliyowatambulisha kuwa watawa wa Kikristo.

Machi 1878 kundi la kwanza la wamisionari 10 liliondoka Algiers kuelekea Afrika Mashariki. Walipitia Zanzibar na Bagamoyo, wakaingia bara kwa miguu. Padre Joachim Pascal, mmoja wa viongozi wa msafara, alifariki njiani mwezi Agosti kabla ya kufika Tabora. Huko Tabora waligawanyika: wengine wakaenda Ziwa Tanganyika na kufika Ujiji Januari 1879, wengine wakaelekea Ziwa Nyanza, na Februari 17, 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans wakatia nanga Entebbe. Katika shina hilo ndimo walimochipuka Mashahidi wakatoliki 22 wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Parokia nyingi za Tabora, Kigoma, Sumbawanga, Mwanza na Bukoba, na nyingine nyingi za Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, zina mizizi katika misafara hiyo.

Basilika ya Mama Yetu wa Afrika

Juu ya mwamba, zaidi ya mita 120 kutoka usawa wa bahari, imejengwa Basilika ya Mama Yetu wa Afrika. Ujenzi ulianza mwaka 1858 wakati wa Askofu Pavy, na Lavigerie akaitabaruku mwaka 1872. Iliharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 2003, ikakarabatiwa na kukamilika mwaka 2010. Ndani yake imo sanamu ya shaba ya Bikira Maria, na ukutani juu ya altare yameandikwa kwa Kifaransa maneno ya kumwomba Mama Yetu wa Afrika atuombee sisi na Waislamu.

Tuyatafakari maneno hayo. Sala hiyo haimwombei jirani kana kwamba ni adui. Inamweka jirani pamoja nasi chini ya joho la Mama mmoja. Wanawake wa Kiislamu hupanda hadi hapo kumheshimu Mariamu, ambaye Kurani humtaja kwa heshima kubwa.

Kanisa lililobaki

Wakati wa vita vya kupigania uhuru, kuanzia mwaka 1954, Askofu Mkuu Léon-Étienne Duval alilaani mateso waliyotendewa Waalgeria. Walowezi wakamwita kwa dhihaka "Mohamed Duval". Uhuru ulipopatikana, karibu Wazungu wote waliondoka, na makanisa mengi yakabaki matupu. Duval alibaki, akachukua uraia wa Algeria, na mwaka 1965 akafanywa Kardinali.

Katika miaka ya 1990 nchi iliingia katika vita vya ndani vilivyoua makumi ya maelfu ya watu, wengi mno wakiwa Waislamu, wakiwemo maimamu waliokataa kuhalalisha mauaji. Watawa walishauriwa waondoke, lakini wengi wakaamua kukaa na majirani zao. Mei 8, 1994 Bruda Henri Vergès na Sista Paul-Hélène Saint-Raymond waliuawa katika maktaba ya vijana huko Kasbah walikokuwa wakihudumu. Mwaka 1996 wamonaki saba wa Tibhirine, kusini mwa Algiers, walitekwa na kuuawa. Na Kardinali Duval, aliyefariki Mei 30 mwaka huo, aliagwa pamoja nao katika basilika hiyo hiyo. Agosti 1 aliuawa Askofu Pierre Claverie wa Oran pamoja na dereva wake Mwislamu, Mohamed Bouchikhi. Mashahidi 19 wa miaka hiyo walitangazwa wenyeheri mjini Oran Desemba 8, 2018.

Kuishi na kutembelea

Wakatoliki wa Algiers leo ni wachache sana. Wengi wao ni wanafunzi na wahamiaji kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Kanisa kuu la sasa ni la Moyo Mtakatifu wa Yesu, ambalo umbo lake linafanana na hema.

Anayekwenda kukaa huko ajue haya. Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi na masomo. Ndiyo maana baadhi ya jumuiya hukutana kwa Misa siku ya Ijumaa. Sheria ya mwaka 2006 inaruhusu ibada zisizo za Kiislamu katika majengo yaliyoidhinishwa tu, na inaadhibu kwa kifungo jitihada za kumshawishi Mwislamu abadili dini. Mwaka 2022 Caritas ya huko ililazimika kufunga shughuli zake. Mkristo hushuhudia basi kwa uaminifu kazini, kwa huduma na kwa urafiki.

Lugha za mitaani ni Kiarabu cha huko na Kikabili, lakini Kifaransa kinatumika sana. Viza iulizwe ubalozini mapema. Baridi ya Desemba hadi Februari huja na mvua, hivyo koti ni la lazima. Katika mwezi wa Ramadhani mgeni asile wala kunywa hadharani mchana. Akialikwa kula kuskusi siku ya Ijumaa, asikatae bila sababu: kula pamoja ni heshima kubwa. Mahujaji wenye nafasi waende pia Tipasa, magharibi mwa mji kando ya bahari, waone magofu ya makanisa ya karne za kwanza. Imani ilikuwa imekwisha kustawi Afrika ya Kaskazini kabla haijafika katika nchi nyingi za Ulaya.

Deni letu

Tumezoea kupima utume kwa idadi ya waliobatizwa na ukubwa wa makanisa tunayojenga. Kwa kipimo hicho Algiers ingeonekana imeshindwa. Lakini mji uliovuna kidogo kwake ndio uliotupandia sisi mavuno haya, na Kanisa lake dogo limekubali kukaa mahali ambapo haliwezi hata kuhesabu matunda yake. Mwaka huu tunapofanya kumbukumbu ya wamisionari walioanzisha parokia zetu, tuweke katika sala za waamini nia moja kwa ajili ya ndugu zetu wa Algiers. Na vijana wetu wanaosikia wito wa umisionari wasidhani kwamba safari ile ya 1878 ilikuwa ya kuja huku tu. Njia hiyo ina kurudi pia, na baadhi ya Waafrika wenzetu wamekwisha kuishika.

Mama Yetu wa Afrika, utuombee sisi na majirani zetu wote.