Kisima Kilichogeuka Rangi ya Waridi

Miaka ya 1890, kijiji cha kaskazini mwa India kikiingiliwa na kipindupindu, maji ya kisima chake yaliweza kugeuka rangi ya waridi kwa dawa iliyotiwa ndani yake. Mwenye kuieneza dawa hiyo alikuwa Ernest Hankin, mtaalamu wa bakteria kutoka Uingereza aliyekuwa na maabara yake mjini Agra.

Robert Koch alikwisha kumwona mdudu wa kipindupindu katika bwawa la maji mjini Calcutta mwaka 1884. Lakini kumjua mdudu ni jambo moja, na kumtoa katika kisima kinachonywesha kijiji kizima ni jingine. Hankin alichagua pamanganeti ya potasiamu, chembe za zambarau iliyokoza. Ziliyeyushwa ndani ya ndoo, ndoo ikateremshwa kwa kamba na kumwagwa kisimani, ikachota, ikamwaga tena, hadi dawa ichanganyike. Rangi ikipotea upesi, ni kwamba uchafu umeimaliza dawa, basi huongezwa nyingine. Ikidumu, kisima huachwa kilale usiku kucha.

Kwangu mimi, werevu wa mbinu hii ulikuwa kwenye rangi. Mwanakijiji asiyewahi kuona darubini aliweza kuchungulia na kujua kama dawa ipo au imekwisha. Klorini haina fadhila hiyo. Kuipima kunataka kifaa.

Hata hivyo klorini ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa inaua vijidudu kwa uhakika zaidi. Mwaka 1908 mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kuitia mfululizo katika maji ya bomba, na miji mingine ikafuata.

Visimani, tatizo aliloliacha Hankin lipo pale pale. Bomba hupata dawa kila saa, kisima hupata mara moja. Watu wanachota, maji mapya yanapenya kutoka ardhini, na kama choo kiko jirani yanakuja na vijidudu vyake. Baada ya siku chache, pengine hata kabla ya hapo, klorini imekwisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayechota kwenye kisima kifupi msimu wa mvua, bwana afya akishatia dawa usijione umemaliza. Tia klorini ndani ya ndoo yako mwenyewe kwa kipimo ulichoelekezwa, subiri nusu saa, au chemsha maji. Kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko.